Tunapotua Mizigo, Tunamkabidhi Nani?

Katika sura ya 10 ya Injili ya Marko wamo watu wawili ambao siwezi kumsoma mmoja bila kumfikiria mwenzake. Wa kwanza anakuja mbio, anapiga magoti mbele ya Yesu na kumuuliza afanye nini ili aurithi uzima wa milele. Ni mtu wa dini kwelikweli, amri amezishika tangu ujana wake. Yesu anamkazia macho, anampenda, kisha anamwambia akauze alivyo navyo, awape maskini, halafu aje amfuate. Mtu yule anakunja uso na kuondoka kwa huzuni, kwa sababu alikuwa na mali nyingi.

Wa pili anatokea mwishoni mwa sura hiyohiyo, watu wakitoka Yeriko. Ni Bartimayo, kipofu, ombaomba, ameketi kando ya njia. Anapiga kelele, watu wanamkemea anyamaze, naye anazidi kupaza sauti. Anapoambiwa kwamba anaitwa, Marko anataja jambo dogo ambalo Mathayo na Luka hawakuliandika: alitupa vazi lake, akaruka, akamwendea Yesu.

Vazi lile halikuwa jambo dogo kwake. Torati, katika Kutoka 22, inaamuru kwamba ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua, kwa sababu hana kingine cha kujifunika usiku. Ndilo joho lake na ndilo blanketi lake. Huenda pia ndilo alilokuwa akilitandika mbele yake watu wadondoshee sadaka. Na huyu ni kipofu. Kipofu akitupa nguo katikati ya umati, ataipataje tena? Mtu anayetarajia kurudi kuketi palepale hufanya uangalifu, hulikunja vazi lake na kulishika. Bartimayo alikuwa haonekani kufikiria kurudi.

Mara nyingi yule tajiri anahubiriwa kama mfano wa uchoyo. Mimi simwoni hivyo. Marko anasema Yesu alimpenda, na hakuna mahali tunapoambiwa kwamba aliiba au alidhulumu. Huzuni yake inanionyesha kwamba alitaka kumfuata Yesu kweli. Alikuwa mtu mwema aliyeshikwa na vitu vyake, na watu wema walioshikwa na vitu vyao ni wengi mno makanisani, nami nimo miongoni mwao.

Siku hizi habari za kupunguza vitu zinapendwa sana. Fungua kabati, toa usivyovitumia, nyumba ipumue, akili itulie. Sina ugomvi na hilo, chumba kisichorundikana vitu kinanipendeza. Lakini imani ya Kikristo inauliza swali linaloenda mbali zaidi ya hapo: kile ulichokitoa kimekwenda kwa nani? Yesu hakumwambia yule tajiri aachane na mali yake tu, alimwambia awape maskini. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19, hakujisikia mwepesi moyoni akaishia hapo, alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Zaburi ya 55 inasema, "Umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza." Yakobo anasema, "Ungamianeni dhambi zenu." Kila mara yupo mpokeaji. Mzigo wa Mkristo una mahali unapokwenda, na nimekuja kuamini kwamba tunashindwa kuutua kwa sababu tunajaribu kuutupa hewani, bila kumkabidhi mtu yeyote.

Tuanze na vitu. Waswahili husema akiba haiozi, na methali hiyo imelea familia nyingi. Lakini ukifungua Kutoka 16 unakuta akiba iliyooza usiku mmoja tu: mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, iliyobakizwa mpaka asubuhi iliingia mabuu, ikanuka. Ila wengi husahau kwamba mistari michache mbele, mana hiyohiyo iliyowekwa siku ya sita kwa ajili ya Sabato haikunuka wala kuingia mdudu. Na Yusufu alikusanya nafaka ya Misri kwa miaka 7 ya shibe, akaokoa watu wengi. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema kuweka akiba ni kukosa imani. Swali ni inawekwa kwa ajili ya nani na kwa agizo la nani.

Msikilize yule tajiri wa Luka 12 akipanga kujenga ghala kubwa zaidi. Mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Katika mpango mzima hakuna jina la mke, mtoto, mfanyakazi wala jirani. Anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia katika karne ya 4, aliihubiri habari hii kwa ukali ambao mpaka leo unamkosesha msomaji usingizi: mkate unaouzuia ni wa mwenye njaa, na vazi ulilolifungia sandukuni ni la aliye uchi. Kwa Basili kabati lililojaa ni suala la haki. Vile vitu vina wenyewe, navyo vimecheleweshwa kuwafikia.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa Antoni wa Misri. Karibu na mwaka 270, akiwa kijana aliyefiwa na wazazi na kuachiwa dada mdogo, aliingia kanisani akasikia likisomwa lile neno la Yesu kwa tajiri. Alitoka akawapa wanakijiji wenzake shamba la urithi, ambalo kwa vipimo vya leo lilizidi kidogo hekta 80, akauza vyombo vya nyumbani, na fedha akawapa maskini. Kidogo alikibakiza kwa ajili ya dada yake. Siku nyingine akasikia likisomwa neno la kutosumbukia ya kesho, naye akatoa hata kile kidogo. Lakini hakumwacha dada yake njiani. Alimkabidhi kwa wanawake waaminifu aliowafahamu, wamlee. Wapo watu wanaotaka kutua majukumu yao na kuyaita mizigo: mke, watoto, mzazi mgonjwa. Antoni, baba wa watawa wa jangwani, hata yeye alihakikisha dada yake amepata mtu wa kumshika mkono.

Ila kutoa shamba zima hakumalizi kazi. Yohana Kasiano, aliyekaa miaka mingi kati ya watawa wa Misri, aliona jambo la kushangaza akalieleza bila kuficha. Watu walioacha dhahabu, fedha na mashamba makubwa walifika jangwani, kisha wakakasirika kwa ajili ya kisu kidogo, sindano au kalamu. Wengine walikishika kitabu chao kwa nguvu hata hawakutaka mwenzao akiguse. Shamba limeondoka, lakini ile mikono iliyozoea kulishika imetafuta kitu kidogo cha kushika. Kasiano ananisaidia kuliko wahubiri wengi kwa sababu anaonyesha jinsi mzigo wa vitu na mzigo wa roho ulivyo fundo moja. Ukivuta uzi wa huku, unasikia umekaza kule.

Nililiona fundo hilo kwa macho baba yetu alipofariki. Ndani ya kabati lake, chini ya mashati yaliyokunjwa, tulikuta daftari gumu lenye jalada la buluu. Alikuwa ameandika waliomkopa: jina, tarehe, kiasi, kwa ule mwandiko wake ulioinama. Kila aliyemaliza kulipa alimpigia mstari kwa rula, mmoja, ulionyooka. Majina mengine yalibaki bila mstari. Jina moja lilikuwa limepigiwa mstari chini, tena na tena, kalamu imekandamizwa mpaka ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unausikia mfereji wake. Lilikuwa jina la rafiki yake wa tangu ujana. Sote tulishangaa, maana baba hakuwahi kututajia deni hilo.

Mdogo wangu alisema dawa ya deni kulipa. Alikuwa na haki kusema hivyo, mama bado alikuwapo na alihitaji matunzo. Dada yetu mkubwa akasema mali ni ya mama, basi mama aamue. Mama akataka asomewe daftari lote, jina kwa jina. Nilitarajia angesema futeni yote, kwa kuwa ni mtu wa maombi, lakini hakufanya hivyo. Kwa mmoja alisema, "Huyu anaweza, akileta tutapokea." Kwa mwingine, "Huyu ni mjane, mfute." Tulipofika kwenye lile jina lililokandamizwa alinyamaza, kisha akamwambia dada, "Mpigie simu sasa hivi. Mwambie hana deni kwetu."

Dada akapiga na kuweka sauti ya nje ili mama asikie. Yule mzee alikaa kimya muda mrefu mpaka tukadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Shemeji, siku ya mazishi nilifika mpaka njia panda, nikarudi. Ningesimamaje kaburini kwake na deni lake ninalo?"

Wiki iliyofuata alikuja, akakaa na mama mchana kutwa wakimzungumza baba. Dada alichukua rula ya baba akapiga mstari kwenye jina lake.

Tangu siku ile nausoma tofauti ule mfano wa Mathayo 18, wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 kisha akamkaba mwenzake kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku, na talanta moja ilikuwa dinari 6,000. Yaani yule mtumwa alisamehewa dinari milioni 60, kazi ambayo kibarua asingeimaliza hata angeishi miaka laki moja, akashindwa kusamehe kazi ya miezi michache. Zamani nilishangazwa na ukatili wake. Sasa ninachokiona ni kwamba hakuwa ameupokea msamaha wake. Aliomba apewe muda, akisema atalipa yote, naye bwana wake akamfutia deni lote. Nadhani alitoka pale akiwa bado anapiga hesabu. Mtu anayeamini kwamba bado anadaiwa lazima adai.

Deni lile la baba lilikuwa limewafunga watu wawili. Aliyedaiwa alikimbia mazishi ya rafiki yake, na aliyedai alikandamiza kalamu peke yake usiku. Torati ililijua hilo ikaweka, katika Kumbukumbu la Torati 15, maachilio ya madeni kila mwaka wa 7, tena ikamwonya mwenye mali asije akamnyima maskini mkopo kwa kuona mwaka wa maachilio umekaribia. Kuachilia hakukuachwa kutegemea mtu ameamkaje siku hiyo. Kuliwekwa kwenye kalenda.

Na mama hakufuta yote. Napenda kulisisitiza hili kwa sababu msamaha wa Kikristo umegeuzwa na wengine kuwa amri ya kufumba macho. Unaweza kutua kinyongo na bado ukamtaka mtu arudishe alichochukua. Zakayo alirudisha, na wokovu uliingia nyumbani mwake siku hiyohiyo. Aliyepigwa au kunyanyaswa anaweza kumkabidhi Mungu kisasi chake, na bado akaondoka katika nyumba ile na kwenda kushtaki. Yeyote anayemrudisha mtu kwenye kipigo kwa jina la kusamehe amemtwika mzigo ambao Kristo hakumtwika.

Hapo nimeifikia mizigo inayoniumiza zaidi kuiona, ile inayofungwa kanisani. Yesu alisema juu ya waandishi na Mafarisayo kwamba hufunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, wasitake wenyewe kuigusa hata kwa kidole. Ipo mpaka leo. Mgonjwa anaambiwa hajapona kwa kuwa imani yake ni haba. Mama asiyepata mtoto anaambiwa atafute dhambi ya ukoo. Mtu ametubu dhambi ya ujana wake, Mungu amemsamehe, lakini kila mwaka anatangaziwa mfungo mwingine wa kuivunja. Mitume walipokutana Yerusalemu kuamua wasio Wayahudi waongezewe masharti gani, Petro aliuliza kwa nini wawawekee wanafunzi nira ambayo wao wenyewe na baba zao hawakuweza kuichukua. Barua waliyoandika ikasema imempendeza Roho Mtakatifu na sisi tusiwatwike mzigo ila yaliyo lazima. Mtumishi akikuambia utue mali yako yote miguuni pake la sivyo baraka hazitakuja, soma Matendo 5:4, ambapo Petro anamkumbusha Anania, aliyeuza kiwanja akaficha sehemu ya fedha, kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata kilipouzwa fedha zilikuwa katika mamlaka yake. Kilichomwangusha Anania ni uongo. Hakuna aliyemlazimisha kutoa.

Hatia ya kweli, kwa upande mwingine, haiondoki kwa kujifariji. Daudi katika Zaburi ya 32 anasimulia kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa kwa kuugua mchana kutwa. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kunamla. Kitulizo kilianza pale alipoitaja dhambi yake mbele za Mungu. Wakatoliki, Waorthodoksi na Waanglikana wana padre wa kumwungamia, wengine wetu tunakwenda kwa mchungaji au kwa Mkristo mkomavu. Sitaki kubishana hapa juu ya utaratibu. Ninalolijua ni kwamba kuna tofauti kubwa kati ya kuomba msamaha kijumla na kufungua kinywa mbele ya mtu mwingine ukasema nilifanya jambo hili, kwa jina lake, kisha ukamsikia akikuambia kwa sauti kwamba kwa ajili ya Kristo umesamehewa. Sikio linahitaji kuisikia habari njema, kwa kuwa moyo peke yake huirudiarudia kesi. Tahadhari yangu ni moja: chagua mtu ambaye hujawahi kumsikia akisimulia siri za watu wengine.

Waebrania 12:1 inataja vitu viwili tunavyopaswa kuviweka kando, kila mzigo mzito na dhambi. Kumbe si kila mzigo ni dhambi. Mingine ni mambo mema yaliyozidi. Musa aliketi tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu, kazi takatifu kabisa, na mkwewe Yethro akamwambia waziwazi kwamba alilolifanya si jema, angejichosha yeye pamoja na watu wake. Dawa yake ilikuwa kugawa kazi kwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Tunao makanisani kina Musa wasio na Yethro: yeye ni mhazini, yeye ni kwaya, yeye ni vijana, funguo zote ziko mfukoni mwake, na akiugua ibada inayumba. Tunamsifu kwa kujitoa. Ingekuwa upendo zaidi kumwomba funguo mbili.

Juu ya fadhaa, Petro anaandika tunyenyekee chini ya mkono wa Mungu ulio hodari, huku tukimtwika yeye fadhaa zetu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yetu. Ameyafunga mambo mawili pamoja, kunyenyekea na kumtwika Mungu. Maana yake anayekataa kutua wasiwasi wake anadai nafasi isiyo yake. Mimi usiku ninapozidiwa huwaza kwa kutaja: hili ni la kufanya kesho, nitalifanya, haya mengine sina mkono wa kuyafikia, Bwana, yako kwako. Nayataja moja moja kwa majina ya watu. Yanarudi, tena mara nyingi kabla ya alfajiri, nami nayakabidhi tena. Sioni kurudi huko kuwa dalili ya imani mbovu. Paulo alimsihi Bwana mara tatu juu ya mwiba wake na mwiba ukabaki. Alichopewa ni neema ya kutosha, na uwezo ulio timilifu katika udhaifu.

Na tusifanye kila uzito kuwa wa kiroho. Nabii Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia ainuke ale. Akala, akanywa, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena, ndipo akapata nguvu za safari ya siku 40. Mtu ambaye hajalala vizuri kwa majuma na hana hamu ya chochote anahitaji chakula, usingizi na daktari, pamoja na maombi.

Kinachobaki ni mikono. Wagalatia 6 inatuambia tuchukuliane mizigo, na mistari michache baadaye inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Nimeona watu wakipigana na mistari hiyo miwili, lakini maisha ya kanisa yanaielewa bila shida: kuna lako, na kuna linalokuzidi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tuko tayari kubeba ya wengine, ila kubebewa ya kwetu tunakuona aibu. Yule aliyesema njooni kwangu ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, mwenyewe akiwa njiani kwenda Golgotha, msalaba wake ulichukuliwa na mtu mwingine, Simoni Mkirene, aliyekuwa akitoka shamba. Marko anamtaja kuwa baba yao Iskanda na Rufo, kana kwamba wasomaji wake waliwafahamu vijana hao. Kama Mwana wa Mungu alibebewa mti wake na mpita njia, na wewe umeulizwa wiki hii na rafiki una nini, ukamjibu uko salama ilhali hukuwa salama, mrudie umwambie.